Mrejesho: Binti yangu amemaliza mafunzo ya makumbusho

Ndugu zangu, mwezi wa sita niliuliza hapa kama kuna faida ya kumtoa binti yangu, anayesoma kemia chuoni hapa Dodoma, kwenda kujitolea likizo nzima katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam bila posho. Wengi mlinishauri nimruhusu, nami nikafuata ushauri huo, ingawa nauli na chakula viliniuma.

Amerudi wiki iliyopita. Nilidhani angezungumzia fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lakini simulizi zake zote ni za stoo: jinsi unyevu wa pwani unavyoozesha chuma na kualika wadudu kwenye ngozi na mbao, na jinsi namba ya kifaa isivyoandikwa moja kwa moja juu yake, bali juu ya tabaka jembamba la vanishi, ili siku moja iweze kufutwa bila kuacha doa. Kwa mara ya kwanza aliiona kemia yake ikiwa na kazi nje ya maabara na darasa la kufundishia (ualimu, nakiri, ndiyo kazi niliyokuwa nimemchagulia mimi).

Sasa anataka utafiti wake wa mwaka wa mwisho uhusu rangi nyekundu za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ajira bado hana, wala sikuitarajia. Jumamosi tunapanda basi pamoja kwenda Kolo; mimi mwenyewe sijawahi kufika.