unittest au pytest kwa mradi wa Django: nianze na ipi?

Mwanagenzi_Moro: Habari zenu, wakuu. Ninajenga duka la mtandaoni kwa Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), na hadi sasa nalikagua kwa kufungua kivinjari na kubofya kila kitufe kwa mkono. Nataka kujifunza majaribio ya vipande vidogo vya msimbo. Je, nianze na unittest, zana ya majaribio inayokuja na Python, au pytest inayosakinishwa kando?

FundiSeva: Anza na unittest, ndugu yangu, kwa kuwa madarasa ya majaribio ya Django yamejengwa juu yake. Darasa lake la TestCase hulifunga kila jaribio ndani ya muamala wa hifadhidata na kuutengua jaribio linapokwisha, hivyo data ya jaribio moja haichafui la pili. Unaandika `python manage.py test`, basi.

BintiChatu: Shikamoo, kaka Fundi. Hoja ya muamala ni ya kweli, ila pytest-django (kiunganishi cha pytest na Django) nayo inafanya hivyohivyo, na huzuia jaribio lisiguse hifadhidata mpaka uliruhusu kwa alama ya `django_db`. Kwa mwanagenzi naona pytest ni nyepesi: badala ya kukariri amri za unittest kama assertEqual, assertIn na wenzao, anaandika `assert` tupu, na kwa `parametrize` anapitisha bei kumi katika jaribio moja, kila moja ikihesabiwa peke yake. Jaribu na hesabu yako ya kodi (ya serikali, si ile tunayoiandika).

Mwanagenzi_Moro: Ahsante, dada. Nimejaribu bei tatu kwa kodi ya asilimia 18. Shilingi 1,000 na 1,250 zimepita, lakini 1,025 imegoma: nilitarajia 185, nikaambiwa `assert 184 == 185`. Kwenye kivinjari sikuwahi kuliona hili.

FundiSeva: Marahaba, Binti. Moro, asilimia 18 ya 1,025 ni 184.5, na `round()` ya Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, ndiyo maana umepata 184. Tumia Decimal (aina ya namba ya Python kwa desimali kamili), kisha ikadirie kwa `quantize` yenye ROUND_HALF_UP, inayopandisha nusu juu, na hilo jaribio lililogoma usilifute.

MzeeWaLogi: Kabla hamjaendelea kushindania zana, kijana, hiyo hesabu ya kodi umeiandika wapi? Ikiwa imo ndani ya view (msimbo unaojibu ombi la ukurasa), pamoja na kusoma fomu na kuhifadhi oda, basi kwa zana yoyote utalazimika kuandaa mteja, oda na bidhaa ili tu kupima kuzidisha. Itoe, iwe fanksheni inayopokea bei na kurudisha kodi.

Mwanagenzi_Moro: Ilikuwa ndani ya view, mzee, na jaribio lilikuwa na mistari 20 ya maandalizi. Nimeitoa, imebaki mistari minne.

BintiChatu: Sawa kabisa. Na akibaki na unittest, aijaribu fanksheni hiyo kwa SimpleTestCase, darasa la Django ambalo hukataa maulizo ya hifadhidata. Akihamia pytest baadaye, majaribio hayo ya zamani yataendelea kukimbia bila kuandikwa upya.

FundiSeva: Hapo nakubali, dada.