Naomba ushauri: redio kwenye buti la pembeni la Coaster

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua umeme wa magari.

Nina Toyota Coaster ya dizeli, volti 24, niliyoigeuza iwe ya kulala safarini. Nataka redio na spika mbili ndani ya lile buti la nje la pembeni, ili tukiwa kambini nifungue mlango tu, muziki uwe pale chini ya turubai. Redio ni ya volti 12.

Fundi wa kwanza alichukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Ikapiga wiki tatu safi, kisha betri hiyo ikawa inalala huku mwenzake imejaa. Tukaamka Karatu gari haliwaki, na baridi ile! Nikang'oa kila kitu.

Sasa nimefunga konvata ya kushusha 24 kuwa 12, ampea 10, na fyuzi karibu na betri. Redio inawaka, ila injini ikiunguruma spika zinapiga mluzi, na ukikanyaga mafuta unapanda. Nikizima injini, kimya. Waya mweusi wa redio (wa hasi) nimeufunga kwenye bolti ya bodi humo humo butini, rangi nikaikwangua kwanza.

Je, niuvute waya mweusi hadi kwenye konvata yenyewe, au tatizo ni konvata? Na ule wa njano wa redio (unaotunza kumbukumbu), nikiuunganisha na mwekundu (wa kuiwasha) kwenye swichi moja, nitapoteza stesheni tu au kuna madhara mengine?