Miezi mitano tumelipia bakapu, kumbe kila faili ni baiti 20!

Jamani, naandika hasira bado ziko kooni, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nafanya kazi ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Shimanzi. Madeni yote ya wateja yamo ndani ya MySQL, programu ya hifadhidata, kwenye seva moja ya Linux iliyo chini ya ngazi. Kuitunza si kazi yangu. Tajiri amewapa mafundi wa nje mkataba, wanalipwa kila mwezi, na mkataba unasema waziwazi: bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, kila usiku.

Alhamisi jioni fundi wao aliingia kwenye seva akiwa kwake, arekebishe deni la mteja mmoja. Akaingia kama root, mwenye ruhusa zote, akaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, akaweka kiasi, akabonyeza Enter bila WHERE, kipande kinachotaja ni mteja yupi. Mistari 3,112 ikabadilika! Wateja wote wakawa wanadaiwa shilingi 48,500, wa kontena moja na wa kontena mia sawasawa. Mzee mmoja wa Kongowea, aliyemaliza kulipa zamani, ilibidi atoe risiti iliyokunjwa mfukoni mwa kanzu ili aaminiwe. Niliona haya mimi kwa niaba yao.

MySQL haingoji mtu. Autocommit, yaani kuhifadhi papo hapo, imewashwa tangu mwanzo, amri ikiisha imeshaandikwa. Angetanguliza START TRANSACTION, inayochelewesha kuhifadhi, angeiona ile idadi na ROLLBACK moja, amri ya kutengua, ingemwokoa. Au angeingia kwa kinga ya --safe-updates, na amri ile ingekataliwa palepale. Lakini haya, mkono huteleza, hilo ningelimeza.

Nisilolimeza ni hili. Nilifungua folda ya bakapu nikapiga ls -l, amri ya kuorodhesha faili. Faili zipo, kila usiku saa nane, tarehe zimepangika. Nikatazama safu ya ukubwa: 20, 20, 20, 20, mpaka chini. Baiti ishirini! Nikafungua moja, tupu. Nyingine, tupu. Hizo baiti 20 ndizo gzip, programu ya kubana faili, inazotoa ikiwa haikupewa chochote cha kubana.

Mwezi wa tatu walibadilisha nywila ya MySQL, kwenye skripti ya cron, inayojiendesha yenyewe kila usiku, wakaacha ya zamani. Kila usiku mysqldump, amri inayotoa nakala ya data, ilibisha hodi ikafukuzwa kwa kosa 1045, la kukataliwa kuingia, isitoe hata herufi. Gzip iliyo mbele yake, inayopokea kinachotoka kwake, ikafunga ule utupu na kuripoti kwamba kazi imekwisha salama, kwa sababu bash, inayoendesha skripti, husikiliza amri ya mwisho peke yake msipoweka pipefail, mpangilio wa kuripoti kosa la amri yoyote kwenye mnyororo. Hawakuiweka. Na ujumbe wa kosa wakautupa /dev/null, shimo la kupotezea kila kitu, kwa mikono yao wenyewe!

Nikakimbilia binlog, kumbukumbu ya MySQL ya kila badiliko. Toleo 8.0 la MySQL huiwasha lenyewe na kuiweka siku 30, na ndani yake kila mstari uliobadilishwa una thamani ya zamani na mpya. Kwa mysqlbinlog, chombo cha kuisoma, ningeyavuta madeni yote usiku uleule. Nikafungua my.cnf, faili ya mipangilio ya MySQL: skip-log-bin. Waliizima, eti inajaza diski. Diski ina nafasi zaidi ya nusu!

Sasa mama wetu wa akaunti, mtu mzima mwenye magoti mabovu, yuko sakafuni siku ya tatu na maboksi ya risiti, anasoma namba moja moja nami naandika. Tumefika herufi M.

Nilipowapigia simu, jibu lao: "Skripti ilikuwa inafanya kazi." Nikawauliza ni lini mara ya mwisho walichukua faili moja wakairudisha kwenye seva ya majaribio, wakahesabu mistari. Kimya. Miezi mitano hakuna aliyetazama hata ukubwa wa faili!

Nyinyi mnaolipia huduma kama hii, ingieni kwenye seva zenu leo mtazame ile safu. Invoisi yao ya mwezi huu iko mezani kwangu tangu jana. Nimemwambia tajiri siipitishi mpaka waje wenyewe wakae sakafuni na mama.