Kabla ya malori, magogo ya Shume yalishukaje hadi Mkumbara?

Mjukuu_wa_Mkumbara
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Bibi yangu wa Mkumbara alikuwa akitusimulia, naye alisimuliwa na baba yake, kwamba enzi za Mjerumani magogo ya Shume, kule juu kwenye milima ya Usambara, yalikuwa "yakipita angani". Tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Juzi napanda Lushoto kutoka Mombo tukapishana na lori la magogo kwenye kona, limeegemea upande wa bondeni, nikamkumbuka. Je, ni kweli? Na malori yalipoanza, magogo yalipakiwaje bila winchi?

Reli_ya_Tanga
Bibi alisema kweli, ndugu yangu. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilitundika waya kutoka Shume, Wajerumani walipaita Neu-Hornow, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Ulitengenezwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, Ujerumani, karibu mwaka 1910. Urefu wake ni kama kilomita 9, na mteremko takribani mita 1,500. Waya mnene ulibeba mzigo, mwembamba ukavuta. Walichokuwa wanakifuata juu kule ni mtarakwa, mti wa kutengenezea penseli.
Usambara Mashariki walitumia reli nyembamba ya sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi. Nyumba ya stesheni masta wa Sigi bado ipo, ndiyo inayopokea wageni wa hifadhi ya Amani. Kwa mambo ya lori wasubiri madereva wenyewe.

Dereva_Mstaafu_Mombo
Marahaba mwanangu. Waya sikuukuta, mimi ni mtu wa lori. Nilianza utingo 1974 kwenye Bedford, usukani nikakabidhiwa baada ya miaka sita, na gari langu la mwisho lilikuwa Scania, zile zilizounganishwa Kibaha. Mzigo ulikuwa saipresi na podo, kutoka Shume kupita Magamba, Lushoto na Soni mpaka Mombo.

Kupakia kulikuwa hivi. Lori linaegeshwa chini ya tuta ili bodi isiwe juu sana. Miti miwili iliyomenywa magome inalazwa kutoka kwenye tuta hadi ubavuni mwa gari. Kamba inafungwa kwenye lori, inapita chini ya gogo na kurudi juu yake, ncha wanaishika watu waliosimama upande wa pili. Hao wanavuta, wengine wanasukuma nyuma kwa mitaimbo, gogo linapanda likiviringika. Mmoja anaimba, wenzake wanaitikia, na wanavuta pale pale kwenye kiitikio. Utingo yeye ana kabari. Gogo likipanda kidogo anaisukuma chini yake lisirudi. Vidole vyake viko hapo hapo.

Halafu mnyororo. Watu wakizungumzia malori ya zamani wanataja Bedford, Fiat, Scania, na injini ipi ilikuwa na nguvu. Kwangu mimi kazi ya magogo ni mnyororo na yule aliyeufunga. Gogo bichi gome lake ni laini. Unakaza Shume kwa nguvu zako zote, ukifika Magamba umelegea, kwa sababu gome limebonyea na magogo yamekaa. Nilikuwa nasimama Magamba, Lushoto, na Soni kabla ya kuuanza mteremko. Utingo anaugonga kila mnyororo kwa nyundo. Ulioshika unalia, uliolegea hausemi kitu. Baada ya hapo unashuka kwa gia, ile ile ambayo ungepandia. Anayeshuka kwa breki anafika Mombo magurudumu yananuka, kama anafika.

Mwaka 1983, masika, kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa na minyororo ambayo pingili zake zilikuwa zimelika mpaka unaona wembamba kwa macho. Tuliomba mipya mara tatu. Tukaambiwa tuizungushe hiyo hiyo mara mbili. Chini ya Soni pingili ikaachia, kigingi cha upande wa bonde kikavunjika, na gogo la juu likaondoka na utingo wangu aliyekuwa amekaa nyuma. Hakufa. Mguu wa kulia ulisagika, ukakatwa. Alikuwa na miaka 22. Minyororo mipya ilinunuliwa wiki ile ile, na yeye akapewa mshahara wa miezi mitatu. Linaniuma hadi leo, ndiyo maana nikisikia watu wanasifia injini sinyamazi.

Mafinga_Mbao
Pole sana mzee wangu. Huku kwetu kwenye shamba la miti la Sao Hill siku hizi kuna mashine za kupakia, magogo ya paina yanapanda kwenye trela bila mtu kuyagusa. Lakini ulichosema cha kusimama na kukaza tena, mbao zikielekea Dar tunakifanya kabla ya kuteremka Kitonga. Kijana asiyetaka kusimama simpi mzigo wangu.

Mjukuu_wa_Mkumbara
Nimemsomea mama yote haya. Mzee, samahani kwa kukuchokonoa: yule utingo yuko hai? Na kwa nini alikaa nyuma, si kwenye kabini?

Dereva_Mstaafu_Mombo
Usiombe samahani. Alikaa nyuma kwa ajili ya kabari. Gari likikataa gia kwenye kona, anaruka na kuitupia chini ya gurudumu kabla halijaanza kurudi au kuserereka. Mara mbili aliniokoa hivyo, mimi nikiwa nimekaa nimekanyaga breki isiyoshika.
Yuko hai, anakaa hapa hapa Mombo, ana wajukuu. Ukija niulizie stendi nikupeleke. Njoo asubuhi, jioni mguu ule ambao hana ndio unamsumbua na hapendi kuongea. Na habari za waya muulize yeye, baba yake alifanya kazi Mkumbara.