Mitrali inavuja, mgonjwa ana miaka 78: klipu, kisu au dawa?

Eko_Nakuru: Wadau, tuseme ni mama wa miaka 78, mitrali (vali kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inavuja vibaya, figo zimeanza kuchoka, na watoto wake wameshasoma kwenye simu habari za klipu, kibanio kinachoyashika majani ya vali pamoja. Mnaanzia wapi?

Mkasi_Eldoret: Naanzia kwa chanzo. Kamba ya jani la vali imekatika? Vali yenyewe ndiyo mbovu, na akiwa na nguvu za kuhimili kisu, ishonwe. Moyo umepanuka ukayatenga majani? Dawa kwanza.

Katheta_KSM: Asipohimili kisu, klipu. Bomba la saizi ya French 24, karibu milimita 8, linaingilia vena ya kinena. Kifua hakipasuliwi, lakini nusu kaputi iko palepale maana eko ya umio (kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa kooni) inafanya kazi muda wote. Ukuta wa vyumba vya juu unatobolewa sentimita 4 hadi 4.5 juu ya vali. Ukitoboa chini zaidi, klipu haipati pa kugeukia. Heparini ya kuzuia damu kuganda, mpaka ACT (muda wa damu kuganda) ipite sekunde 250. Klipu inashuka chini ya majani, inafunguliwa, inavutwa juu polepole hadi majani yote mawili yalale kwenye mikono yake, ndipo inafungwa. Usiiachie bado! Pima kwanza: wastani wa tofauti ya shinikizo juu na chini ya vali ukizidi milimita 5 za zebaki, umeziba uvujaji ukaleta mbano.

Eko_Nakuru: Kwa hiyo tundu la vali likiwa chini ya sentimita 4 za mraba, klipu ni hatari. Na vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huku imejaa? Majani manene, kingo zimegandana.

Mkasi_Eldoret: Hiyo si ya klipu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet wamezoea kufungua vali za namna hiyo. Kwa umri huu anawekewa ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe. Warfarini ya kuzuia damu kuganda miezi 3 hadi 6, ila mapigo yakiwa hayana mpangilio anaendelea nayo. Vitamini K ya sukuma wiki hupunguza nguvu ya warfarini, lakini asikatazwe, ale kiasi kilekile kila wiki.

Mfamasia_Kakamega: Msiruke dawa jamani. Mwaka 2018 utafiti wa COAPT, wa wagonjwa ambao moyo wao dhaifu ndio uliovujisha vali, ulionyesha vifo vya miaka 2 asilimia 29.1 kwa klipu, 46.1 kwa dawa pekee, ila wote walishafikishwa dozi wanayoimudu. Utafiti wa MITRA-FR wa mwaka uleule haukuona tofauti. Na huyu mwenye figo dhaifu, dawa ya moyo spironolaktoni juu ya nyingine, enalaprili, inapandisha potasiamu ya damu: pimeni wiki ya 1 na ya 4.

Katheta_KSM: Hata klipu ikikaa vizuri, eko irudiwe kabla hajaenda nyumbani. Wakati mwingine jani moja huchomoka, uvujaji ukarudi kimyakimya.