Pikipiki ya safari yenye injekta inachemsha kwenye foleni

Mkazi wa Sakina, Arusha

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu pikipiki yangu ya safari ndefu, cc 650, silinda mbili, yenye injekta (kifaa cha kunyunyiza mafuta kwenye injini badala ya kabureta) na inayopozwa kwa maji. Kwa wiki tatu sasa inachemsha kila ninaponaswa na foleni ya jioni. Mita ya joto hupanda hadi nyuzi 112, taa nyekundu huwaka, na nikiizima husikia maji yakitokota na kufurika kwenye chupa ya akiba. Nikishaipita Usa River kuelekea Moshi, joto hushuka lenyewe.

Fundi wa kwanza alisema kwamba Arusha iko juu mno na hewa ni nyepesi, hivyo mchanganyiko wa mafuta umeharibika. Kisha akaitoa themostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate joto) ili maji yazunguke kwa uhuru. Tangu hapo barabarani joto halizidi nyuzi 62, mafuta yanaisha haraka kuliko zamani, na foleni bado inaichemsha injini. Mwisho wa mwezi ninakwenda Singida na mke wangu, pamoja na mizigo, na sitaki kumpakia juu ya chombo nisichokiamini.

Fundi wa Pasua, Moshi

Pole sana, kaka, na umefanya vyema kueleza ni wakati gani joto linapanda, kwani hapo ndipo jibu lilipo. Injini inayochemsha ikiwa imesimama na kupoa ikiwa mwendoni kwa kawaida haina ugonjwa wa pampu wala wa rejeta (kipozeo cha maji ya injini) iliyoziba. Upepo wa barabarani unaifanya kazi ambayo kwenye foleni ilipaswa kufanywa na feni. Je, mita ikifika 105 unaisikia feni ikivuma?

Kama huisikii, acha injini ipoe, chomoa soketi ya feni, kisha ipe umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, feni ni nzima, na tatizo litafute kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya au sensa ya joto. Usitulizwe na mita inayosoma vizuri, kwa sababu baadhi ya modeli zina swichi ya feni inayojitegemea, iliyofungwa kwenye rejeta.

Themostati irudishe, nakuomba. Kompyuta ya injekta husoma joto la maji kabla ya kuamua kiasi cha mafuta, na ikiona nyuzi 62 huamini kwamba injini bado ni baridi, ikaendelea kuongeza mafuta ambayo hayahitajiki. Suala la mwinuko huisumbua zaidi kabureta. Injekta ina sensa ya mgandamizo wa hewa na hujirekebisha.

Msafiri wa Njiro

Ninaafikiana na fundi, ila kuna jambo la pili. Mjini kwetu, kwenye mita 1,400 hivi, maji matupu hutokota yakifika takriban nyuzi 95. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana mgandamizo ili yasitokote hata yakipita 110, kwa hiyo kutokota kwako kwenye 112 kunanifanya niutilie shaka. Wangu niliukuta mpira wake umekakamaa, nikiukunja unapasuka. Usiufungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani, maana mvuke huo huunguza uso na mikono.

Je, uliongezea maji gani? Kama ni ya bomba, yamwage. Na asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, uwashe, utazame mdomo wa rejeta: mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonasa, lakini mapovu yasiyokoma yenye harufu ya moshi ni dalili ya kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya silinda na kichwa chake.

Mkazi wa Sakina, Arusha

Nimerudi, na ninawashukuru kwa dhati. Mapovu yasiyokoma hayakuwapo. Feni ilizunguka mara tu nilipoipa umeme wa betri. Nilipoifungua soketi yake nilikuta pini moja imeliwa na kutu ya kijani, na waya wake ukatoka mkononi bila kuvutwa. Tumebadilisha soketi na mfuniko. Themostati tuliitumbukiza kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni, tukaiona ikifunguka polepole maji yalipokaribia kuchemka, ndipo tukaifunga. Maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai. Sasa kuna kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa.

Jana nilikaa kwenye foleni dakika ishirini na tano. Feni iliwaka kwenye 105, ikazima kwenye 98, na chupa ya akiba haikupanda.

Fundi wa Pasua, Moshi

Hongera, kaka. Kesho ikiwa baridi, angalia tena kiwango cha kulanti, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani huendelea kutoka baada ya kuijaza upya. Kikishuka, ongeza mchanganyiko uleule kabla ya kuanza safari.