Kikundi: Wajukuu wa Bibi Temeke 🥥

*JUMATANO*

19:42 Zuhura: Asalaam aleikum wapendwa. Shikamooni wakubwa. Yusufu anatua Jumamosi alfajiri kutoka Japani, Jumapili tunakula kwa Bibi saa saba, tukishaswali adhuhuri. Na watoto tunafika watu 30 hivi. Naomba tuamue chakula LEO. Mchango 15,000 kila mwenye kipato, namba ni yangu ile ile.

19:58 Zuhura: Naona mmesoma watu kumi na mmoja. Hata salamu haijibiwi?

20:03 Mjomba Seif: Waaleikum salaam. Nilikuwa nasubiri aanze mwenye hela.

20:05 Zuhura: Shikamoo Mjomba. Wewe ndo wa kwanza kwenye orodha.

20:05 Mjomba Seif: Ya wanaokula? Nipo.

20:11 Zuhura: Nimefikiria hivi, tusimchoshe mtu na moto. Tuagize. Wali na mchuzi vitoke mjini, sambusa na juisi tufanye wenyewe. Sasa ni mchuzi GANI na tunachukua WAPI. Kila mtu aseme anachokipenda, saa tatu nafunga.

20:19 Juma Upanga: Kuku paka. Hapa mtaani kuna mama anapika kwa oda, kila mwisho wa mwezi mimi mteja wake. Anamchoma kuku kwenye mkaa kwanza mpaka ngozi ishike weusi, ndo anamtia kwenye tui zito na mayai ya kuchemsha. Ule moshi unabaki kwenye nazi. Ukimchemsha tu bila kumchoma huyo si kuku paka, huyo kuku kapakwa.

20:20 Mjomba Seif: Mgeni katoka mbali hivyo mnampa paka 😂

20:21 Hamisi Boda: Mi nasema kuku wa kuchoma wa Mamboz, kona ya Libya na Morogoro. Nikipita na abiria usiku ule moshi unanisimamisha wenyewe

20:22 Zuhura: Hamisi, tunazungumzia MCHUZI.

20:22 Hamisi Boda: ukwaju si mchuzi?

20:31 Mama Mdogo Tatu: Mimi bosi wetu alitupeleka Masaki kula kari ya Kithai. Inakuja kijani jamani, nikadhani kisamvu. Nikauliza, nikaambiwa ni pilipili mbichi zimetwangwa pamoja na mchaichai na majani ya ndimu yao, kisha tui. Ina sosi ya samaki pia lakini huisikii harufu. Nilikula mpaka nikaomba ya kubeba. Tuagize hiyo, tubadilike kidogo, kila siku nazi na bizari.

20:33 Mjomba Seif: Mchaichai kwenye mchuzi. Na chai ya mkandaa wanatia kwenye wali?

20:34 Juma Upanga: Mama Mdogo shikamoo. Hiyo nayo si ni nazi?

20:36 Mama Mdogo Tatu: Marahaba. Ni nazi iliyosoma.

20:40 Zuhura: 😂 Jamani muda. Kithai kwa watu 30 tutauza kiwanja. Mwingine?

20:52 Zuhura: Baba Mkubwa shikamoo, nakuona upo hewani. Unapenda nini?

21:15 Zuhura: Haya. Saa tatu imepita, watu watatu ndo wamejibu. Na pale tulipoagiza biriani sikukuu iliyopita NAOMBA mtu asipataje. Sinia za watu ishirini zikaja zimejaa wali juu, nyama ukazitafute kwa tochi.

21:17 Hamisi Boda: na mchuzi ukamwagika nikalaumiwa mimi

21:18 Zuhura: Uliweka ndoo ya mchuzi kwenye tangi la mafuta Hamisi.

21:18 Hamisi Boda: mlinipa ndoo haina mfuniko!!!

21:40 Nasra UK: Hamjambo huko. Ndo natoka kazini. Nimesoma yote nina njaa hapa. Mimi kila Ijumaa nachukua tikka masala ya kuondoka nayo, karibu na nyumbani. Mkisikia mgahawa wa Kihindi huku Uingereza mjue mara nyingi wenyewe ni Wabangladeshi, tena wa Sylheti. Nikamzoea kijana wa pale akanionyesha jikoni. Wana sufuria MOJA kubwa la vitunguu vilivyochemshwa vikasagwa, na tangawizi, saumu na manjano. Oda ikiingia wanachota upawa kwenye kikaango. Wakitia nazi na malai ni korma. Wakizidisha pilipili ni madras. Nyanya na malai na kuku wa tanuri, tikka masala. Dakika kumi umebeba.

21:42 Mjomba Seif: Kumbe mchuzi ni ule ule unabadilishiwa kanzu.

21:43 Nasra UK: Ndo hivyo Mjomba, shikamoo. Na mwaka 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alisema kwenye hotuba kwamba tikka masala ndiyo chakula cha taifa la Uingereza. Mambo ya nje kweli 😂

21:44 Juma Upanga: Vindaloo je? Nasikia inaua.

21:47 Nasra UK: Hiyo asili yake Wareno waliokaa Goa, kule India. Nyama inalazwa kwenye siki na saumu. Huku wameifanya mashindano ya wanaume walevi, pilipili tu, siki hakuna. Ile ya Goa yenyewe huwa ya nguruwe kwa hiyo muiache hapo hapo. Lakini Leicester kuna familia za Wahindi waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, hao nikila kwao nasikia kwetu. Mchuzi wao una nazi, wanajua muhogo, wenyewe wanauita mogo, wa kukaanga na ndimu.

21:49 Zuhura: Nasra asante kwa somo. Mchango wako unaweza kutuma hata leo, kwa kiwango cha paundi.

21:49 Nasra UK: Mtandao unakatika

*ALHAMISI*

01:12 Yusufu Osaka: Shikamooni. Kwangu asubuhi, nafunga begi. Msihangaike sana. Naleta kari ya Kijapani pakiti kama nane, nitapika mwenyewe kama mtaona sawa. Iko kama bamba la chokoleti, unalikata kwa mistari. Unachemsha nyama, viazi, karoti na vitunguu mpaka vilainike, unazima moto, unatupia vipande, unakoroga polepole, unarudisha moto mdogo. Inakuwa nzito, kahawia, tamu kidogo. Walianza kuipata kwa Waingereza, bizari ya kwenye kopo, enzi za mfalme wao Meiji. Mpaka leo jeshi lao la majini linakula kari kila Ijumaa.

05:58 Mama Mdogo Tatu: Karibu mwanangu. Bamba lenyewe lina nini ndani? Isije ikawa na mafuta ya yule.

06:20 Yusufu Osaka: Mengi yana mafuta ya wanyama kweli Mama. Nimechukua yale yenye alama ya halali.

06:41 Mjomba Seif: Kijana kaenda kusomea uhandisi karudi na ujazo wa mchuzi. Alhamdulillah.

06:44 Zuhura: Kwa hiyo mgeni ajipikie? Hapana. Yusufu wewe unakaa mkekani.

06:50 Yusufu Osaka: Basi kama ni mimi kuchagua, miaka yote hii sijaota kari ya mtu. Naota changu wa nazi wa kwa Bibi. Ule wa embe mbichi.

07:30 Juma Upanga: Nilitaka kusema tangu jana nikaogopa. Mchuzi wa humu ndani haujawahi kushindwa na wa kununua. Na anayejua kuupika yumo humu humu anasoma.

07:31 Zuhura: Juma.

07:31 Juma Upanga: Nimekosea wapi?

08:05 Mama Mdogo Tatu: Kama ni ule wa khitma ya baba mimi niliula. Samaki wangeweza kuogelea.

08:06 Shangazi Mwanahawa: *Ujumbe huu umefutwa*

08:09 Zuhura: Mama Mdogo tafadhali. Tusifukue.

08:11 Mama Mdogo Tatu: Sijataja mtu.

08:12 Juma Upanga: Walikuja watu mia na hamsini, chakula kilipikwa cha themanini. Hilo nalo liandikwe.

08:14 Mama Mdogo Tatu: Nani alikutuma ulete hesabu? Wewe ulikuwa unachezea simu nje.

08:15 Mjomba Seif: Jamani nani anauza friji? Nina rafiki anatafuta, milango miwili, isiwe na kelele.

08:16 Hamisi Boda: ipo moja Mbagala inapiga kelele kidogo kama Mama Mdogo

08:16 Hamisi Boda: natania

08:17 Zuhura: HAMISI.

12:40 Zuhura: Turudi kwenye hoja. Waliotuma: Juma, Salha, mimi. Watatu. Mapendekezo: (a) kuku paka wa Upanga, nimeuliza bei ni kubwa lakini anapunguza, (b) kuku wa kuchoma na mkate, (c) mchuzi wa samaki, mpishi hajulikani. Kithai na mambo ya Nasra nimeyatoa. Jibuni kwa herufi tu, msiniandikie hadithi.

13:22 Mjomba Seif: d

13:22 Zuhura: Mjomba hakuna d.

13:23 Mjomba Seif: d ni ile pesa ya mchango tununue mbuzi.

16:48 Salha (kwa Bibi): 🎤 *Ujumbe wa sauti, 1:54*

16:50 Juma Upanga: Niko kikaoni siwezi kusikiliza. Anasemaje?

16:58 Salha (kwa Bibi): Bibi kasema niwaandikie kama alivyosema, nisipunguze. Haya:

"Nimekaa nawasikiliza. Salha kanisomea yote, ya Wajapani, ya Wazungu, na huo wa kijani. Vyote vyakula, Mungu awabariki waliovipika. Lakini mie nina macho. Tangu khitma ya baba yenu Mwanahawa haingii jikoni kwangu. Anakuja, anakaa kwenye kiti cha uani kama mgeni, anaondoka hajafunua sufuria. Mnadhani sijui nani kasema nini? Siku ile mie ndo niliyetoka nje kuhesabu watu, na nilipowaona nikajua hapa mchuzi utatizamana na wali. Anayejua kilichofanyika jikoni ni mimi na Mwanahawa. Nyie wengine mlikuwa mnakula.

Jumapili mchuzi atapika Mwanahawa. Tatu atakuna nazi. Kwa mbuzi, si mashine, na tui la kwanza atalikamua mwenyewe kwa kifumbu, alilete mkononi. Tui zito linatiwa mwisho, na anayelikoroga hatakiwi kuondoka wala kujibu simu, likikatika limekatika. Kwa hiyo watakaa jikoni wawili mpaka liive. Atakayeleta maboksi hapa akalie getini."

17:00 Salha (kwa Bibi): Mwisho wa kunukuu.

17:34 Nasra UK: Ya Rabi.

18:10 Zuhura: Sawa Bibi. Shikamoo. Tumesikia.

18:11 Mjomba Seif: 🙏

18:12 Hamisi Boda: 🙏

18:12 Juma Upanga: Shikamoo Bibi.

20:30 Zuhura: Shangazi Mwanahawa shikamoo. Nimekupigia mara mbili. Ni lini niende Feri kuchukua samaki? Nikifika alfajiri Jumapili nitapata changu wazuri, au Jumamosi? Na je, watu 30 nazi ngapi?

20:31 Zuhura: Mama Mdogo Tatu na wewe nijibu basi.

21:20 Mama Mdogo Tatu: Mbuzi yenyewe iko wapi? Ya Bibi ina mguu mmoja haukai.

21:21 Hamisi Boda: naijua, nitapiga msumari

21:22 Mama Mdogo Tatu: Na mimi mgongo unaniuma, mnajua.

21:23 Juma Upanga: Mgongo huu ulikwenda Masaki bila shida.

21:24 Zuhura: Juma nakutoa kwenye kikundi.

*IJUMAA*

06:15 Shangazi Mwanahawa: Marahaba Zuhura. Nimesoma. Kwa watu 30 nazi kumi na tano, lakini zichague, zitikise usikie maji. Embe mbichi tatu. Pilipili usinunue, nina za kwangu.

06:16 Zuhura: Alhamdulillah! Kwa hiyo unapika Shangazi?

06:40 Zuhura: Shangazi?

07:05 Zuhura: Haya, nazi nitanunua. Nani yuko karibu na Kariakoo leo? Na kuku paka nisimwambie mama wa Upanga hapana kwanza, aendelee kusubiri mpaka jioni. Kama ni maboksi tutayahamishia kwenye hotipoti kabla ya kuingia getini.

07:09 Salha (kwa Bibi): Dada, Bibi ananiambia nimsomee kila kinachoingia.

07:09 Zuhura: *Ujumbe huu umefutwa*

07:10 Mjomba Seif: 😂😂😂 Ijumaa Karim.

08:32 Mama Mdogo Tatu: Niko Kariakoo mimi. Nazi nitaangalia. Mwambieni kama anataka na giligilani mbichi aseme mapema.

08:33 Juma Upanga: Mwambie mwenyewe Mama Mdogo, si yumo humu?

11:47 Baba Mkubwa: Waaleikum salaam Zuhura. Mimi hiyo madras. Lakini isiwe na pilipili.

11:48 Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Huko tulishatoka. Elfu kumi na tano yako sijaiona.